Furushi la laki tisa: kisa cha fedha ya rehani Kampala

Binti wa mdogo wangu alinipigia simu saa nne asubuhi, tarehe 19 Juni 2024, wiki ile ile ya Idi kubwa. Alikuwa ndani ya duka la mkopeshaji upande wa chini wa Kampala, si mbali na paki ya zamani ya teksi, na sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye moyoni amekwisha nunua. "Mama mkubwa, nimepata fedha ya Waingereza, furushi zima, kama kilo na nusu hivi. Anataka laki tisa. Nimpe?" Nikamwambia asitoe hata mia, amwombe mwenye duka amwekee mpaka saa nane, mimi natoka Bombo, kaskazini ya Kampala, sasa hivi.

Mimi huuza fedha kuukuu, ile ya madini na si pesa, kwa watu wanaotayarisha harusi: vijiko, sinia ndogo, mirashi, bangili. Haipiti wiki bila mtu kuniuliza kama ni kweli kwenye maduka ya rehani kuna fedha ya bei nafuu. Ipo, wala si siri. Lakini nafuu hiyo ina chanzo chake, na asiyekijua chanzo atalipa laki tisa kwa birika la shaba lililochovywa. Ndiyo maana nakieleza kisa hiki na hesabu zake zote.

Nilipofika, vitu vilikuwa vimetandazwa juu ya kitambaa cha bluu. Birika la chai linalong'aa mpaka unajiona uso. Vijiko vinne vikubwa vya mezani, navyo vinang'aa. Kinara kimoja cha mshumaa. Vijiko sita vidogo vya chai, vyeusi kama vilivyotundikwa juu ya mafiga. Koleo dogo la sukari, jeusi vilevile. Na bangili moja nzito isiyo na alama yoyote, imefungwa kikaratasi kwa uzi. Binti alikuwa ameshika birika. Mimi nilichukua kijiko cheusi.

Watu hushangaa vitu hivi vimefikaje Uganda. Waingereza walikaa hapa kama watawala tangu 1894 mpaka 1962, na maofisa wao walikuja na vyombo vya mezani. Familia za Wahindi na Wagoa wa Kampala na Jinja nazo zilikuwa na vyao. Kisha Agosti 1972 Idi Amin akawapa siku 90 waondoke, na waliofukuzwa wakaondoka na kile kidogo walichoweza kubeba. Sahani, vijiko na vinara vikabaki kwenye makabati. Siku hizi vingine vinaingia ndani ya mizigo ya mitumba, na vingine huletwa na watu wa kyeyo, yaani wanaofanya vibarua ng'ambo, wanaporudi kutoka Uingereza. Vinapita mikono mingi, na anayevishika leo mara nyingi hajui ni nini.

Alama ni ndogo, na ndizo zinazosema. Fedha ya stelingi ni sehemu 925 za fedha katika kila 1,000, na zilizobaki kwa kawaida ni shaba, kwa kuwa fedha tupu ni laini mno kwa kijiko. Kwa vitu vya Uingereza, tafuta simba anayetembea, mguu mmoja wa mbele kauinua. Simba huyo ndiye muhuri wa stelingi. Karibu naye utakuta alama ya mji ambako chombo kilipimwa: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, taji ni Sheffield mpaka 1974, na kuanzia 1975 Sheffield wakatumia waridi. Kisha kuna herufi ya mwaka na herufi za mfuaji. Vitu vilivyopigwa muhuri tangu 1999 vinaweza kukosa simba, ila vitakuwa na namba 925. Vidogo sana, vya chini ya gramu 7.78, sheria yao haivilazimishi kuwa na muhuri, hivyo hereni isiyo na alama usiitupe haraka.

Nilikisugua kijiko mgongoni kwa kona ya mtandio, kidogo tu, pale shingo inapoanza kuwa nyembamba. Simu ina kamera, na kamera inakuza vya kutosha hata bila lenzi ya sonara. Weusi ulipopungua vikatokea vidirisha vinne vidogo kama punje za mtama: herufi mbili za mfuaji, nanga, simba, na herufi moja peke yake. Nikampa binti simu aangalie mwenyewe. "Huyu simba amekonda," alisema. Ni kweli, si yule simba aliyesimama mbele ya milima kwenye shilingi ya zamani ya Afrika Mashariki, ambayo nayo huletwa kwangu mara kwa mara kama fedha halisi. Shilingi zile za 1921 mpaka 1946 zina robo tu ya fedha. Simba peke yake hatoshi, lazima awe na wenzake. Vijiko vyote sita vilikuwa na alama zile zile nne, na herufi ya mwaka, nilipoilinganisha na orodha ya Birmingham, ikaangukia miaka ya 1930. Koleo lilikuwa nazo pia, ndani ya mkono mmoja.

Sasa birika. Chini yake palikuwa na vidirisha vinne vilivyopangwa kwa utaratibu ule ule, na kwa macho ya haraka ungesema ni mihuri. Ukisogeza karibu, ndani ya kila kidirisha kuna herufi ya kizamani yenye mapambo: E, P, N, S. Herufi hizo zinasema kwamba chombo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, kimechovywa fedha juu kwa umeme. Njia hiyo ilianza kufanyiwa biashara Birmingham mwaka 1840, na wafuaji wengi walizipanga herufi zao zifanane na mihuri ya fedha halisi. Ukiona A1, ni sifa ya unene wa ile fedha ya juu, si ya madini ya ndani. Neno "alpaca" au "fedha ya Kijerumani" likiandikwa mahali, hapo madini yenyewe si fedha.

Vile vijiko vikubwa vilikuwa ndugu wa birika. Nilivigeuza nikamwonyesha binti pale mgongo wa kijiko unapolalia meza. Kila kimoja kilikuwa na doa la manjano-kijivu lenye upana wa ukucha wa kidole kidogo, fedha imelika kwa miaka ya kuwekwa na kuinuliwa. Stelingi hailiki hivyo; ikilika, chini yake ni ile ile. Sumaku haitakusaidia hapa, ingawa kila mtu huja nayo. Fedha haivutwi, na mchanganyiko ule wa nikeli kwa kawaida hauvutwi pia. Wala weusi hauthibitishi kitu, maana hata chombo cha kuchovya huwa cheusi kwa ile fedha ya juu.

Mwenye duka alikuwa askari zamani, na Kiswahili chake ni kile cha kambini, kilichonyooka. Alikuwa anatusikiliza kwa makini, hakukasirika. Nikamwuliza swali ambalo naomba msomaji alikumbuke: "Kaka, kila kimoja hapa ulikikopeshea ngapi?"

Akasita kidogo, kisha akafungua daftari. Birika na vijiko vinne: mkopo wa 250,000. Vijiko vidogo na koleo: 130,000. Kinara: 100,000. Bangili: 80,000. Riba asilimia 20 kwa mwezi, muda miezi mitatu. Nilipiga hesabu kwenye simu mbele yake. Birika 400,000, vijiko 208,000, kinara 160,000, bangili 128,000. Jumla 896,000. Akazungusha, ikawa laki tisa.

Hapo ndipo nafuu inapozaliwa, na hapo ndipo watu wengi hawaangalii. Mkopeshaji wa Kampala anaijua simu, runinga, kadi ya gari, na dhahabu. Fedha haijui, na hana sababu ya kuijua. Anapokopesha juu ya fedha hukadiria kwa macho: kinachong'aa na kikubwa anakipa pesa nyingi, cheusi na kidogo anakipa kidogo. Mkopaji asiporudi, bei ya kuuzia inakuwa deni lililobaki, si thamani ya madini. Kwa hiyo ndani ya furushi moja utakuta kitu kimoja kimezidishwa bei mara nyingi na kingine kimepunguzwa nusu, na vyote vimeandikiwa bei kwa njia ile ile ya uaminifu. Hakuna aliyedanganya. Ukinunua furushi zima umenunua madeni ya watu wanne, yaliyo mazuri na mabaya. Lazima ulivunje.

Bei ya madini siku ile ilikuwa hivi. Wakia ya madini ya thamani, ambayo ni gramu 31.1 na si ile 28 ya dukani, ilikuwa karibu dola 30. Dola ilikuwa shilingi 3,700 na kitu. Gawa 30 kwa 31.1, zidisha kwa 0.925, zidisha kwa 3,700: gramu moja ya stelingi ni karibu shilingi 3,300. Hiyo ni bei ya soko la dunia. Mfua fedha hapa mjini hawezi kukulipa hiyo, ana kazi ya kuyeyusha na kusafisha na anataka kula. Kanuni yangu ni kutolipa zaidi ya asilimia 60 yake, hata chombo kiwe kizuri namna gani.

Vijiko sita vilikuwa gramu 108, koleo gramu 38. Jumla 146, sawa na shilingi 481,800. Asilimia 60 ni 289,000. Deni lake ni 208,000. Hivi tunavitaka.

Birika, kwa madini, karibu sifuri. Mtu anayelipenda kwa kumwagia wageni chai anaweza kulipa elfu hamsini, hata themanini, na hajakosea. Lakini si laki nne.

Kinara kilikuwa na simba wa kweli kwenye ukingo, na mwenye duka alikiweka juu ya mizani kwa fahari: gramu 310. Kilikuwa kizito chini kuliko juu, na kitako chake kimefunikwa kitambaa cha kijani. Vinara vya namna hiyo ni bamba jembamba la fedha lililojazwa lami au plasta, mara nyingine na chuma katikati. Fedha yenyewe ingeweza kuwa gramu 60, ingeweza kuwa chini ya hapo, na huwezi kujua bila kukivunja. Nilimpa 90,000, akakataa, nikakiacha. Visu vyenye mpini mnene vina mtego huo huo.

Ikabaki bangili.

Ilikuwa nzito, ya duara lisilofungwa, ncha zake mbili zimepigwa nyundo zikawa kama vichwa vya nyoka. Ndani ilikuwa laini kwa kuvaliwa, nje ina mistari ya patasi isiyolingana, kazi ya mkono. Bibi yangu alikuwa na moja ya namna hii. Sisi Wanubi wa Bombo tulitoka Sudan, mababu wakaletwa Uganda na Lugard, ofisa wa Kiingereza, mwaka 1891 kutoka kwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, aliyekuwa gavana kusini mwa Sudan, na wanawake walikuja na fedha yao mikononi. Hakuna muhuri wa Birmingham kwenye kitu kama hiki, na asiyejua atasema si fedha.

Tuliipima kwa maji. Nilimwomba mwenye duka bilauri, tukaitia maji, tukaiweka juu ya mizani tukairudisha mizani kwenye sifuri. Bangili peke yake, ikiwa kavu, ilikuwa gramu 86. Kisha binti akaifunga uzi na kuining'iniza ndani ya maji, izame yote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani ikasoma 8.4. Hayo ndiyo maji yaliyosukumwa, na gramu moja ya maji ni sentimita moja ya ujazo. Gawa 86 kwa 8.4, unapata 10.2. Stelingi ni karibu 10.36. Mchanganyiko wa nikeli ni karibu 8.7, na ungesukuma maji gramu 9.9. Tofauti ya 8.4 na 9.9 inaonekana hata kwa mizani ya bei ndogo, mradi kitu si cha uwazi ndani, maana hewa huharibu hesabu.

Kwa hiyo ni fedha, ila si stelingi. Iko karibu na sehemu 830 katika 1,000. Mizani ya dukani haiwezi kukata zaidi ya hapo, lakini namba hiyo naijua. Reale ya Maria Theresa, ile sarafu iliyoandikwa 1780 daima na kuzunguka Sudan, Uhabeshi na Uarabuni, ina sehemu 833. Mafundi wa huko waliziyeyusha kwa wingi kufanyia mapambo. Sisemi kwamba bangili ile ilikuwa reale tatu, ingawa tatu zina uzito wa gramu 84. Nasema nilisimama pale nimeishika kwa muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka.

Thamani ya madini yake ilikuwa karibu 255,000. Deni ni 128,000. Kwa kazi ya mkono, kwa bibi harusi wa Kinubi, ningeuza laki nne bila kubembeleza. Katika furushi lote hicho ndicho kilikuwa kitu cha bei nafuu kuliko vyote, na binti alikwisha toa simu yake ya malipo.

Nikakifungua kile kikaratasi. Namba, jina la mwanamke, kijiji, 80,000, na tarehe: Aprili 4. Miezi mitatu inaisha Julai 4. Tulikuwa Juni 19.

"Kaka, hii haijafika."

"Huyo harudi, Hajati. Alichukua pesa za Idi ndogo. Nawajua."

"Amekuja kukuambia harudi?"

Akanyamaza. Hapa Uganda wapo wakopeshaji wanaomwandikisha mkopaji karatasi ya mauzo badala ya rehani, na mtu asiyesoma vizuri anaweka alama ya kidole akidhani ataikomboa mali yake, kumbe ameiuza siku ile ile. Huyu hakuwa wa namna hiyo. Daftari lake lilikuwa safi, na leseni ya mamlaka inayosimamia wakopeshaji, ile iliyoundwa chini ya sheria ya 2016, ilikuwa ukutani. Alikuwa na haraka ya pesa yake tu. Lakini kitu kilichowekwa rehani ni amana mpaka siku yake ifike. Mwenyewe ana siku 15, na siku 15 ni zake zote.

Binti alinivuta pembeni. Hoja zake hazikuwa za kijinga, nami naziandika kama alivyozisema. Tusipoinunua sisi, atainunua mwingine alasiri hii hii, tena aiyeyushe. Sisi tungeitunza. Na mwanamke yule akirudi, tungeweza kumrudishia. Nikamwuliza: angetujuaje? Angekuja na pesa yake mkononi, aambiwe imeuzwa, kisha aanze kututafuta Bombo nzima? Na sisi tukiwa tumekwisha iuza? Zaidi ya hapo, mtu anayenunua kitu huku kikaratasi kinamwambia kina mwenyewe hawezi baadaye kusema hakujua. Polisi watauliza hivyo, na watakuwa na haki.

Nilirudi kwenye kaunta nikamwambia mwenye duka kwamba bangili siigusi, na kwamba akiniuzia leo sitakuja tena dukani kwake, kwa sababu anayeuza cha huyu kabla ya siku yake atakuwa alikwisha niuzia cha mwingine. Sikusema kwa ukali. Tukaangalia vikaratasi vya vijiko na koleo: tarehe ya Januari, muda umekwisha Aprili, na pembeni ya daftari alikuwa ameandika siku mbili alizompigia mkopaji simu. Hivyo tulivinunua. Alitaka nyongeza kwa kuwa nimelivunja furushi, tukakubaliana 240,000. Binti alilipa kwa simu ili alama ya malipo ibaki, na mwenye duka akamwandikia risiti yenye namba ya rehani, uzito, na idadi ya vitu. Birika na vijiko vikubwa vikabaki juu ya kitambaa cha bluu.

Usafishaji ulikuwa wa usiku mmoja. Sufuria, karatasi ya aluminiamu chini, maji ya moto, vijiko viwili vya baking soda, vyombo viguse aluminiamu. Weusi ni fedha iliyoungana na salfa, na aluminiamu huichukua ile salfa, hivyo madini hayapungui kama yanavyopungua ukisugua. Dawa ya meno usiitie kamwe, inakwaruza, na inazila zile alama ndogo ambazo ndizo bei yenyewe. Agosti vijiko na koleo viliuzwa pamoja kwa 450,000.

Binti hakufurahi njia nzima ya kurudi. Alihesabu kwa vidole faida tuliyoiacha, na hesabu yake ilikuwa sahihi. Sikumbishia.

Julai 5 alikwenda Kampala kwa shughuli zake, akapita dukani bila kuniambia. Mwanamke alikuwa amekuja tarehe 3. Hakuwa na 128,000. Alileta riba peke yake, 48,000, akaongezewa miezi mitatu mingine, na kabla ya kuondoka aliomba aivae kidogo, akaivaa, akaivua. Bangili ilikuwa bado kwenye kioo cha mbele, kati ya saa za mkononi na simu. Binti alimwomba mwenye duka aitoe pale. Aliitia ndani ya bahasha, akaandika tarehe mpya juu, akaifungia kwenye kabati la nyuma.